MVUA INASINGIZIWA! Kijana, soma habari za mafuriko kwa macho mawili

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa mjini. Tunayachapa kwa faida yako wewe msomaji ambaye hukuwapo.



Leo sikuja kuzungumzia nani kahama chama gani wala nani anamezea mate kiti cha nani. Nimekuja kuzungumza juu ya mvua. Najua wapo watakaocheka. Watasema mvua ni kazi ya Mungu, siasa inaingia wapi hapo? Subirini kidogo. Mvua ikishagusa ardhi ya mji huu, inaanza kazi ya wanadamu: aliyepima kiwanja, aliyekula fedha za mtaro, aliyesikia tahadhari akanyamaza, na aliyeandika habari nusu akaenda kulala.

Hebu chukua gazeti la siku ya pili baada ya mafuriko, la mwaka wowote unaoutaka. Utakuta mambo matatu. La kwanza ni idadi ya maiti. La pili ni picha ya mheshimiwa amevaa mabuti, kidole kimeelekea kwenye maji, shangingi linamsubiri nyuma. La tatu ni sababu, nayo ni ile ile: "mvua kubwa zilizonyesha". Miaka ya karibuni limeongezwa la nne, lenyewe limevaa suti na tai: "mabadiliko ya tabianchi". Baada ya wiki moja habari imekwisha, tumerudi kwenye Simba na Yanga. Ukitaka kujua nani aliyeruhusu nyumba zijengwe pale, mtaro uliotengewa fedha uko wapi, au waliohamishwa wanaishije, huambiwi.

Neno langu leo ni moja tu. Tabianchi inabadilika kweli, usibishe. Lakini usikubali ukweli huo ugeuzwe mwamvuli wa kuwafunika watu waliotakiwa kukulinda.

NI KWELI DUNIA IMEPATA JOTO

Tuanze na hao wanaobisha, maana kila kijiwe kina wake. "Mbona juzi kulikuwa na baridi? Joto gani hilo linalosemwa?" Ndugu yangu, hali ya hewa ni mechi ya leo. Tabianchi ni msimamo wa ligi, tena wataalamu wanauangalia kwa miaka thelathini thelathini. Timu yako ikifungwa Jumapili moja husemi imeshuka daraja. Lakini ikifungwa msimu baada ya msimu, anayekwambia ni bahati mbaya anakupiga changa la macho.

Msimamo wa ligi unasemaje? Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kiasi cha nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu kama 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa zimepita 420. Hewa hiyo inatokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, nayo ni kama blanketi lililotandikwa juu ya dunia. Jua linaingia, joto linapata shida kutoka. Barafu ya Kilimanjaro, ile tuliyoimbishwa shuleni, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912.

Sasa sikiliza inavyotugusa sisi. Hewa ikipata joto, inabeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Mahali pakavu hewa hiyo inanyonya maji ya udongo kwa pupa. Mahali penye mvua, mvuke ule ule unarudi chini kwa kishindo. Ndiyo maana ukame mkali na gharika ni watoto wa baba mmoja. Kati ya mwaka 2020 na 2023, Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, ng'ombe wakafa Kenya, Somalia na Ethiopia. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipopiga hesabu mwaka 2023 walisema joto la dunia limefanya ukame wa namna ile uwezekane takriban mara 100 zaidi. Ukame haujaisha vizuri, yakaja mafuriko.

Lakini hapo hapo tuwe wakweli. Si kila upepo ni tabianchi. Mwaka 1872 kimbunga kiliisambaratisha mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu za Sultani. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Elnino ya 1997 na 1998, ambayo wazazi wenu mpaka leo wanaitumia kama kalenda, ilianzia kwenye joto la Bahari ya Pasifiki, na joto la Bahari ya Hindi upande wetu likaiongezea nguvu. Mambo hayo yalikuwapo tangu zamani. Joto la dunia linachochea moto uliokwisha kuwapo jikoni. Mwandishi anayesema "tabianchi haipo" ni muongo, na anayesema "yote ni tabianchi" hajafanya kazi yake.

NDOO NANE

Redioni unasikia: "Mvua kubwa inayozidi milimita 50 kwa saa 24 inatarajiwa." Halafu wanaweka wimbo. Wewe uliyepanga chumba Tandale umeelewa nini? Milimita 50 ni nini kwako?

Ni hivi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Milimita 50 ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20 zilizomwagwa kwenye eneo ambalo mtu mmoja anaweza kutandika mkeka mdogo. Bati la nyumba yenye mita za mraba 40 linateremsha lita 2,000, ndoo 100, kutoka nyumba moja tu. Desemba 2011, siku moja Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150. Hizo zinakaribia ndoo nane kwa kila mita ya mraba, kwenye mji uliojaa mabati, lami na saruji, ambako maji hayana pa kunywewa. Yatakwenda wapi? Bondeni.

Na tahadhari zenyewe zina ngazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatumia maneno matatu: "angalizo" kwa rangi ya njano, "tahadhari" kwa rangi ya chungwa, na "tahadhari kubwa" kwa rangi nyekundu. Uliza kijiwe chako leo wangapi wanajua tofauti yake. Uliza tena wangapi wanajua bei ya mchezaji aliyesajiliwa dirisha dogo. Aliyetakiwa kututafsiria milimita ziwe ndoo ni mwandishi wa habari. Kuisoma tahadhari kama tangazo la msiba ni nusu ya kazi.

NANI ALIYEWAPA WATU BONDE?

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Buguruni, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Mvua ile ya Desemba 2011 ilikuwa kubwa kuliko zote Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Waliookoka, baadhi yao walipelekwa Mabwepande, mbali na mji na mbali na riziki zao, wakaanzia kwenye mahema. Desemba 2015 na Januari 2016 likaja tingatinga, na alama ya X nyekundu ukutani. Magazeti yakaandika "wavamizi wa mabondeni".

Wavamizi! Haya, tujiulize. Mpango wa mji wa mwaka 1979 ulikwisha kuyataja mabonde ya mito kuwa maeneo ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaweka mita 60 kutoka mtoni. Serikali ilijua. Basi watu wale waliingiaje bondeni, walishuka kwa parachuti usiku? Hati ya mauziano ilipigwa mhuri na nani? Nguzo ya umeme ilichimbiwa na nani? Bomba la maji, kodi ya jengo, leseni ya duka, vyote vilitoka ofisi gani? Na ulipofika wakati wa kampeni, bendera za vyama vyote, nasema vyote, zilipepea wapi? Wakati wa kura huitwi mvamizi, unaitwa mpiga kura. Jina la mvamizi unapewa maji yakishafika kiunoni.

Na hapa ndipo penye kiini macho chenyewe. Serikali ile ile iliyosema Jangwani si mahali pa kukaa mtu, ilijenga hapo hapo Jangwani karakana ya mabasi ya mwendo kasi, yale yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Maji hayasomi kibao cha ofisi. Yalikuja, yakaingia karakana, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale mara baada ya mara. Sasa upo mradi mkubwa wa kulirekebisha Bonde la Msimbazi, uliopitishwa mwaka 2022, wa dola milioni 260 kutoka Benki ya Dunia pamoja na Uholanzi na Hispania, na ndani yake kuna kuihamisha karakana hiyo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo. Kwa hiyo wewe, kijana, utalipia kujenga na utalipia kuhamisha. Mkazi wa Kigogo akijenga bondeni anaitwa mkaidi. Kigogo mwingine, yule wa ofisini, akijenga bondeni anaitwa nani?

MWAMVULI WA TABIANCHI

Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Majirani zetu Kenya nao walizika mamia ya watu. Wale wale wanasayansi wa World Weather Attribution wakaichunguza mvua ya Machi hadi Mei 2024. Walisema joto la dunia huenda limeiongezea mvua ile nguvu kwa kama asilimia 5, na kwamba kipimo hicho kina mashaka makubwa. Kiini cha maafa wakakiweka kwenye mipango miji: miji inayokua haraka kuliko mitaro, na masikini waliosukumwa kwenye kingo za mito.

Asilimia 5, ndugu zangu! Kiongozi akisimama na kusema "haya ni mabadiliko ya tabianchi" kisha akashuka jukwaani, muulize hizo nyingine ni za nani. Wala hesabu hii haiwaondolei matajiri wa dunia deni lao. Inakwambia tu kwamba wadaiwa ni wawili, na mmoja yuko jirani.

Mnadhani haya ni ya kwetu peke yetu? Tazama Libya. Usiku wa Septemba 10 kuamkia 11, mwaka 2023, dhoruba iliyoitwa Daniel iliushukia mji wa Derna. Mabwawa mawili juu ya mji yakapasuka, maelfu ya watu wakafagiliwa baharini wakiwa usingizini. Habari za mwanzo duniani kote zilikuwa dhoruba, dhoruba, dhoruba. Ni kweli dhoruba ilikuwa ya kutisha, na joto la dunia lilikuwa na mkono wake. Lakini nyufa za mabwawa yale zilijulikana miaka mingi, na mwaka 2022 mhandisi mmoja wa Libya alikwisha kuandika kwamba mji uko hatarini. Wananchi wa Derna hawakukubali kuambiwa ni mbingu. Waliandamana. Julai 2024 mahakama ikawatia hatiani maofisa 12 kwa uzembe uliohusu mabwawa hayo. Kumbe mafuriko yanaweza kuwa na mshitakiwa!

Na Kenya je? Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwatangazia wananchi kwamba wataalamu wanasema Elnino haitakuja, itakuwa mvua tu. Habari ikaenda hewani kama habari njema. Kabla mwaka haujaisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Mwandishi aliyetosheka na kunukuu "Rais amesema" hakudanganya hata herufi moja. Lakini aliyemsikia akalala bila kuhamisha watoto, atamwambia nini?

KALAMU INAPOKOSEA

Sasa nizungumze wazi juu ya vyombo vya habari, na usidhani nazungumzia vya serikali peke yake. Vya binafsi, vya vyama, hata hili ulilonalo mkononi, vyote viulize.

Ugonjwa wa kwanza ni haraka. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliangamiza watu kama 60 eneo la Mai Mahiu, Kenya. Dunia nzima ikatangaza kwamba bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikasema halikuwa bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakatoka kwa nguvu. Huo si utani wa maneno. Bwawa lina mwenyewe, na reli ina mwenyewe. Ukikosea chanzo, umemkosea mshitakiwa. Lakini kichwa cha habari cha kwanza hupanda ndege, masahihisho huja kwa miguu.

Ugonjwa wa pili ni kuandika mabishano bila vipimo. Aprili 2024 mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama. Wapo waliosema milango ya Bwawa la Julius Nyerere ilipofunguliwa ndipo maji yalipowafikia. Serikali ikasema bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Haya, wewe msomaji, gazeti lako lilikuwekea jedwali: maji yaliingia kiasi gani kwa siku, yaliachiwa kiasi gani, na wakazi wa chini waliambiwa lini? Kama hukuona, ujue uliuziwa ngumi za maneno, na mkulima aliyepoteza mpunga wake hakupata jibu.

Ugonjwa huo haukuanza kwetu. Watafiti wawili, Boykoff na Boykoff, waliyapitia magazeti manne makubwa ya Marekani ya mwaka 1988 hadi 2002, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya habari walizozipima ziliwapa wanasayansi na wapinzani wa sayansi uzito sawa, kama vile ubishi ni wa nusu kwa nusu. Wakati huo makampuni ya mafuta yalikwisha kujua ukweli. Wanasayansi wa Exxon wenyewe walikuwa wamekadiria joto la dunia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na makadirio yao, yalipopimwa na watafiti mwaka 2023, yalionekana yalikuwa sahihi. Usawa wa namna hiyo ulimnufaisha mwenye visima.

Ugonjwa wa tatu ni kutorudi. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Siku hizo hizo viongozi wa dunia walikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, na Rais Samia Suluhu Hassan akalazimika kukatisha safari yake huko. Kamera zilijaa Katesh. Lakini swali kubwa linaulizwa kamera zikishaondoka: utabiri wa mvua upo, je, nani ana kazi ya kutwambia kwamba mvua hiyo, juu ya mlima ule, itakuwa tope? Na milima mingine yenye watu chini yake, nani anaikagua?

"KIMBUNGA GANI HIKI?"

Sasa zamu yenu, vijana, maana si vizuri nimalize kwa kuwapaka mafuta. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza Kimbunga Hidaya siku kadhaa kabla. Boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kikafika eneo la Mafia Mei 4, kikapungua nguvu. Vijiweni vikaanza vicheko: "Kimbunga gani hiki, hata kofia haijapeperuka!" Haikupeperuka kwa nani? Mafia nyumba ziliharibika. Barabara ya kusini ilikatika Somanga, Lindi na Mtwara zikabaki kama kisiwa. Mji ulicheka kwa sababu ya Mafia haukuyaona, na haukuyaona kwa sababu kamera nyingi zilikuwa mjini zikisubiri bati la Kariakoo ling'oke.

Mwaka 2021 Kimbunga Jobo nacho kilififia kabla ya kufika. Kila kinapofifia, watu wanaongeza dharau. Hatari ni hapo. Machi 2019 Kimbunga Idai hakikufifia. Kiliingia Beira, Msumbiji, jirani zetu wa mpaka mmoja, na pamoja na Malawi na Zimbabwe waliokufa walipita 1,000. Tahadhari isiyotimia si uongo. Dereva wa bodaboda havai helmeti kwa sababu ana hakika ya kuanguka leo. Anaivaa kwa sababu hajui ni siku gani.

FEDHA ZINAKUJA, NANI ANAHESABU?

Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia, na ina karibu mtu mmoja kati ya kila watu watano. Haki ni kwamba aliyechafua alipe. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zikachelewa, zikafikisha mwaka 2022. Mwaka 2024 kule Baku zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mfuko wa hasara na maafa uliidhinishwa kuanza kazi Dubai mwaka 2023, na ahadi za mwanzo zilikuwa kama dola milioni 700, ambazo kwa dunia nzima ya masikini ni nauli ya kwenda, bila ya kurudi.

Tudai, tena kwa sauti. Lakini ujue "tabianchi" limeshakuwa neno lenye ulaji. Lina semina, lina posho, lina tiketi za ndege. Kama gazeti lako linaandika "nchi yapata mabilioni ya tabianchi" na haliandiki ni mtaro upi, mtaa upi, kandarasi nani, basi linampigia debe mlaji.

UFANYE NINI?

Hutapewa bunduki wala bango. Utapewa maswali. Kila ukisoma au kusikia habari ya mafuriko, uliza haya. Tahadhari ilitolewa lini, na ilimfikia nani? Maji yalipita wapi, na nani aliruhusu pajengwe? Fedha za mtaro zilikuwa ngapi, na mtaro uko wapi? Wanasayansi wamepima kiasi gani cha joto la dunia, na kiasi gani ni uzembe? Na mwisho, mwandishi alirudi baada ya miezi sita? Habari isiyojibu hata mawili, ipeleke ikafungie karanga.

Maswali hayo yapeleke pia kwenye mkutano wa mtaa wako, mahali ambapo mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya watu. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yako. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua, na inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Andika. Barua kumi za vijana wa mtaa mmoja juu ya mtaro mmoja zinamnyima mtu usingizi kuliko matusi elfu.

Una simu mfukoni. Mtaro ukiziba, piga picha kabla ya mvua, andika tarehe na mahali, mpelekee mwandishi na mtendaji. Usisambaze video ya mafuriko ya India ukasema ni Kigamboni, maana siku ya kweli hutaaminiwa. Na wewe unayechimba mchanga mtoni usiku, au unayetupa chupa ya maji kwenye mfereji kupitia dirisha la daladala, jua unamtengenezea kigogo utetezi. Atakuelekezea kidole wewe, na safari hiyo hutakuwa na la kujibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunauona kila masika na kila vuli, tunaupiga picha, tunaenda nyumbani. Mvua itanyesha tena, tena huenda kwa nguvu zaidi. Mheshimiwa atakuja tena na mabuti yake. Safari hiyo, kabla hajanyoosha kidole kuelekea mawinguni, awakute vijana wamesimama pale wenye barua mkononi, wamwulize: mtaro wetu uko wapi?